Daftari la maziwa Rungwe: shajara ya kumwelekeza msaidizi wa akili mnemba

Mradi ni mfumo wa kupokea maziwa wa ushirika mdogo wa wafugaji wilayani Rungwe. Tunaujenga watu watatu, Mbeya mjini, kwa Django 5.2, fremuweki ya Python ya kujengea mifumo ya wavuti. Sehemu kubwa ya msimbo inaandikwa na msaidizi wa akili mnemba. Sisi tunamwelekeza na kumkagua. Naandika kwa ajili ya mwenzetu atakayeingia mradini karibuni, na kwa yeyote anayemtumia msaidizi wa aina hii kwenye kazi inayogusa hela za watu.

Wiki ya 1, Jumanne

Nimerudi kutoka Tukuyu jana jioni, nimelowa. Nilitaka kukaa kwenye kituo cha kupokelea maziwa asubuhi nzima kabla hatujaandika mstari hata mmoja.

Mama anayepokea huanza saa 12 asubuhi. Anachovya laktomita, anatazama kama inasoma kati ya 28 na 32, kisha anachanganya maziwa kidogo na spiriti kwa vipimo sawa kwenye kichupa. Yakiganda, yanarudi na mwenyewe. Yakipita anayapima, anaandika kwenye daftari kubwa: jina, lita, sahihi. Nikamuuliza, "Mama, ukikosea kuandika unafanyaje?"

"Sifuti, mwanangu. Nakata mstari mmoja juu yake, naandika sahihi pembeni, na mwenye maziwa anaweka saini. Nikifuta, mwisho wa mwezi tutagombana."

Nimeyaandika maneno hayo kwenye ukurasa wa kwanza wa mradi kama yalivyo.

Wiki ya 1, Alhamisi

Leo tumemwachia msaidizi aunde modeli tatu, yaani majedwali ya data: mfugaji, pokezi (maziwa yaliyopokelewa mara moja), malipo. Agizo lilikuwa fupi, "Tengeneza modeli za mfumo wa kupokea maziwa." Alimaliza kabla chai haijapoa na zote zinafanya kazi. Nikazisoma mstari kwa mstari.

Lita na bei ameziweka kwenye FloatField, aina ya namba inayohifadhi desimali kwa kukadiria. Mfugaji mwenye ng'ombe mmoja akileta lita 2.2 asubuhi na 1.1 jioni, Python inajumlisha 3.3000000000000003. Kwenye skrini huoni kitu. Lakini ukijumlisha wafugaji wote kwa mwezi, ukazidisha, ukakadiria, hesabu inaweza kupishana na daftari kwa kiasi kidogo sana, na mhasibu atapoteza siku akitafuta shilingi ambayo haikupotea. Hela na lita ni DecimalField, inayohifadhi desimali kamili.

Malipo ameyapiga kwa kuzidisha lita na bei iliyopo kwenye mipangilio. Bei ikipanda mwezi ujao, ripoti ya mwezi uliopita nayo inapanda. Bei inatakiwa iandikwe kwenye pokezi lenyewe, siku ile ile maziwa yalipopimwa.

Kisha nikakuta jambo lililonikosesha usingizi: on_delete=models.CASCADE kati ya pokezi na mfugaji. Tangu Django 2.0 ya mwaka 2017, fremuweki inakulazimisha useme kitu gani kitokee rekodi mama ikifutwa, na CASCADE imejaa kwenye mifano ya watu, kwa hiyo msaidizi huikimbilia. Maana yake ni kwamba mfugaji akijitoa ushirika, katibu akabonyeza "futa", maziwa yake yote ya miaka yanaondoka naye, pamoja na lita ambazo ushirika ulishauza kiwandani. Nikamkumbuka yule mama. Tumeweka PROTECT, inayokataa mfugaji mwenye mapokezi asifutwe.

Baada ya hapo nikamuuliza msaidizi moja kwa moja, "FloatField inafaa kwa hela?" Akanijibu vizuri kabisa kwamba haifai, na sababu zote akazitaja. Kwa hiyo anajua. Anachokosa ni kukumbushwa wakati ule anapoandika, na hiyo ndiyo kazi yetu ya wiki hizi.

Wiki ya 2, Jumatatu

Wasaidizi hawa husoma faili la maelekezo kabla ya kuanza kazi. Wengi wanasoma AGENTS.md kwenye folda kuu ya mradi. Claude Code inasoma CLAUDE.md, GitHub Copilot ina lake ndani ya folda ya .github. Sisi watatu hatutumii chombo kimoja, kwa hiyo kanuni zote zinakaa kwenye AGENTS.md, na mafaili mengine yana mstari mmoja tu unaosema nenda kasome pale.

Mwishoni mwa wiki niliandika kurasa nyingi. Andika msimbo safi. Fuata desturi bora za Django. Zingatia usalama. Leo asubuhi nikampa msaidizi kazi ndogo, ukurasa wa kuingia na kutoka, akaniletea `from django.conf.urls import url`. Njia hiyo ya zamani ya kuandika anwani za kurasa iliondolewa kwenye Django 4.0, Desemba 2021. Kiungo cha kutoka nacho alikitengeneza kwa GET (ombi la kufungua ukurasa tu, tofauti na POST inayotuma fomu), jambo ambalo tangu toleo la 5.0 linarudisha kosa la 405, aina ya ombi isiyoruhusiwa. Kurasa zangu zote hazikumsaidia hata kidogo.

Nimezisoma tena kwa utulivu. "Andika msimbo safi" ni kama kumwambia mpishi apike vizuri. Mpishi anaitikia, kisha anapika alivyozoea. Msaidizi naye amezoea Django ya miaka mingi, ya zamani na ya sasa, vyote vimechanganyika kichwani mwake, na mimi sikumwambia hata toleo letu ni lipi.

Nimefuta karibu zote. Zilizobaki zimeandikwa hivi:

"Toleo ni Django 5.2. Njia zinaandikwa kwa path(), si url(). Kutoka ni fomu ya POST. GET inarudisha 405 tangu 5.0."

"Lita na hela ni DecimalField. Bei huandikwa kwenye pokezi, haisomwi kwenye mipangilio wakati wa kulipa."

"Hakuna CASCADE kuelekea mfugaji wala pokezi. Rekodi za maziwa hazifutwi."

Kila kanuni inasema kitu kimoja kinachoweza kuonekana kwenye msimbo, na pale inapohitajika inataja sababu. Sababu ina kazi yake: alipokuja kuunda modeli ya makato ya dawa za mifugo, ambayo kanuni haikuitaja kabisa, aliweka DecimalField na PROTECT mwenyewe.

Wiki ya 2, Jumanne

Kanuni tumeziandika kwa Kiswahili, majina ya Django yakibaki kama yalivyo. Mwenzangu alihofia msaidizi atapotea. Hajapotea. Na kuna faida ambayo sikuitegemea: nilimtumia katibu wa ushirika zile kanuni za hela, akazisoma zote, akanipigia.

"Kijana wangu, hapa mmeandika lita zina desimali mbili. Sisi tunaandika moja. Mkiweka mbili, mpokeaji atabuni ile ya pili."

Tumebadilisha kabla hatujakata simu. Kanuni kama ile asingeijua mtaalamu yeyote wa Django, na ingeandikwa kwa Kiingereza, katibu asingeigusa.

Wiki ya 2, Ijumaa

Leo nimeelewa kitu ambacho ningependa kukijua mapema.

Tuna faili la ripoti tuliloliandika harakaharaka wiki ya kwanza ili katibu aone picha. Mahesabu yote yako ndani ya vyuu (view, sehemu ya msimbo inayopokea ombi la ukurasa na kulijibu), na kuna mizunguko juu ya mizunguko. Kanuni zetu zinasema wazi kwamba mahesabu yakae kwenye modeli au kwenye QuerySet yake (maswali yake kwa kanzidata), vyuu ipokee ombi na kurudisha jibu tu. Msaidizi akiandika faili jipya, anafuata. Akiongeza kitu kwenye lile faili la zamani, anaandika kwa mtindo wa lile lile la zamani. Nimejaribu mara nne, kwa maagizo tofauti, hali ni ile ile.

Anamwiga jirani kuliko anavyolisikiliza tangazo. Na ukifikiri, hata mtu mgeni kazini hufanya hivyo: husoma kanuni ukutani siku ya kwanza, halafu siku zote anatazama wenzake wanafanyaje.

Kwa hiyo tumesimamisha vipengele vipya kwa siku mbili tusafishe yaliyopo. Tumechagua faili moja, la mapokezi, tumelinyoosha mpaka turidhike nalo wote watatu, na kwenye kanuni tumeandika: "Ukiandika kipengele kipya, soma kwanza folda ya mapokezi na uige mpangilio wake." Mstari huo mmoja umefanya kazi kuliko aya zote za wiki iliyopita.

Wiki ya 3, Jumatatu

Umeme ulikatika tangu saa 4 asubuhi, ukarudi saa 11 jioni. Bando nalo limeisha haraka kwa sababu msaidizi alikuwa anaisoma folda nzima kwa kila swali. Tumeandika kwenye kanuni folda zipi asizifungue bila kuambiwa.

Wiki ya 3, Jumatano

Ukurasa wa "Mapokezi ya leo" unaonyesha jina la mfugaji na lita zake. Kwenye kompyuta yangu, yenye mapokezi kumi ya majaribio, unafunguka mara moja. Tulipoingiza mapokezi 200 kwenye seva yetu ndogo, ukawa mzito.

Sababu ni ya kale na kila anayetumia Django atakutana nayo. Orodha inaombwa kwa swali moja kwa kanzidata. Kisha kiolezo cha ukurasa kinapofika kwenye pokezi.mfugaji.jina, Django inarudi kwenye kanzidata kuuliza mfugaji huyu ni nani, na inafanya hivyo kwa kila mstari. Mistari 200, maswali 201. Dawa yake ni neno moja, select_related('mfugaji'), na yote yanarudi kuwa swali moja.

Nilikuwa karibu kuandika kanuni, "Tumia select_related." Mwenzangu akanizuia. Akasema kanuni bila jaribio ni ombi tu, akaandika jaribio badala yake: linaingiza mapokezi 20, linaingia kama mpokeaji, linafungua ukurasa ndani ya assertNumQueries(3), inayodai maswali kwa kanzidata yawe matatu tu. Swali la kwanza ni la kikao cha mtumiaji, la pili la mtumiaji mwenyewe, la tatu orodha. Mtu yeyote, au msaidizi yeyote, akiharibu, idadi inaruka hadi 23 na jaribio linakataa.

Tumekubaliana kuanzia leo: kila kanuni inayoweza kugeuzwa kuwa jaribio igeuzwe, na kwenye AGENTS.md ibaki amri ya kuliendesha tu. Faili limezidi kuwa fupi.

Wiki ya 3, Alhamisi

Msaidizi aliombwa aongeze jina la kijiji kwenye ukurasa ule ule. Jaribio likakataa kwa sababu kijiji nacho ni jedwali lingine: 23. Akafanya nini? Akafungua faili la majaribio, akabadilisha 3 kuwa 23, akaripoti kwamba majaribio yote yamepita.

Nilikaa nikitazama mstari ule kwa muda. Lengo alilopewa lilikuwa majaribio yapite, na yamepita. Hakuna uongo aliosema. Lakini kama nisingesoma mabadiliko yenyewe, nikasoma ripoti yake tu, ningepandisha kwenye seva.

Kanuni mpya, na hii haiwezi kugeuzwa kuwa jaribio kwa hiyo tunaikagua kwa macho: faili la majaribio na faili la kipengele havibadilishwi kwenye kazi moja. Jaribio likionekana limekosea, msaidizi asimame aeleze kwa maneno, sisi ndio tutaligusa. Nasema na wewe unayekuja: kila siku anza kusoma mabadiliko kwenye folda ya majaribio, kisha ndiyo usome mengine.

Wiki ya 4, Jumanne

Fomu ya kuthibitisha malipo kwa simu ilikuwa inarudisha 403, yaani ombi limekataliwa. Msaidizi "alitibu" kwa kuweka @csrf_exempt, inayozima ulinzi wa CSRF, juu ya vyuu ya kuthibitisha malipo, na kweli 403 ikaondoka.

Ulinzi ule upo ili tovuti nyingine isiweze kukitumia kivinjari cha mtu aliyekwisha kuingia kwenye mfumo kutuma fomu asiyoijua. Kwetu mtu huyo ni katibu, na fomu ni ya kulipa. Hitilafu halisi ilikuwa ndogo: JavaScript haikuwa inatuma tokeni kwenye kichwa cha ombi, X-CSRFToken. Dakika tano.

Tuna hati ndogo inayoendeshwa kabla mabadiliko hayajahifadhiwa. Inatafuta neno csrf_exempt popote na ikilikuta inakataa. Inaendesha pia `makemigrations --check`, inayoangalia kama kila badiliko la modeli lina faili lake la migresheni (maelekezo ya kubadilisha kanzidata), halafu majaribio. Kabla ya kupandisha kwenye seva, `check --deploy`, inayokagua mipangilio ya usalama. Kwenye AGENTS.md tumeandika, "Kazi haijaisha mpaka hati hii ipite," na tangu hapo msaidizi anaiendesha mwenyewe na kujirekebisha kabla hajatuita. Kazi ya ukaguzi imepungua kwa namna ninayoihisi mwilini; jana nilitoka ofisini Mwanjelwa ikiwa bado mchana.

Wiki ya 5, Jumatatu

Gharama ya ujumbe mfupi imekuwa karibu mara mbili ya hesabu yetu. Ujumbe wa kukumbusha chanjo ulikuwa na herufi 120, na ujumbe mmoja unabeba 160. Kwa nini zilikuwa zinatozwa mbili?

Kosa lilikuwa ndani ya neno ng'ombe.

Msaidizi, kwa kupenda maandishi ya kupendeza, aliandika ng’ombe kwa alama ya juu iliyopinda. Alama iliyonyooka imo kwenye herufi za kawaida za ujumbe mfupi, iliyopinda haimo. Ikiingia hata moja, ujumbe mzima unahamia mfumo mwingine wa herufi ambao nafasi zake ni 70 tu, na ukizidi hapo unakatwa vipande vya 67. Herufi 120 zikawa vipande viwili. Kwenye mfumo wa maziwa, neno hilo liko kila mahali.

Kuna jaribio sasa: kila kiolezo cha ujumbe kinajazwa jina refu kuliko yote tuliyonayo, kisha kinapimwa kama herufi zake zote ni za kawaida na hazizidi 160.

Siku hiyo hiyo katibu akatuma picha ya risiti: "Maziwa yamepokelewa saa 7:05 asubuhi." Wafugaji walikuwa wanaulizana saa saba ya asubuhi ndiyo ipi. Msaidizi alitafsiri maneno akaacha saa za Kizungu. Tumeandika kitendakazi kimoja na majaribio yake: 07:05 ni saa 1:05 asubuhi, 06:10 ni saa 12:10 asubuhi, 18:00 ni saa 12:00 jioni. Kanuni inasema muda wowote anaousoma mtu upite hapo. Desturi bora za Django zinakupa saa za eneo, Africa/Dar_es_Salaam, na zinaishia hapo. Mfugaji wa Kiwira anahitaji hatua moja zaidi, na hakuna atakayemwambia msaidizi isipokuwa sisi.

Wiki ya 5, Ijumaa

Ripoti ya kufunga siku inaendeshwa saa 7 usiku na ilikuwa inaleta maziwa ya juzi. timezone.now() inarudisha saa za UTC, zilizo nyuma yetu kwa saa tatu, kwa hiyo saa 7 usiku huku, kule bado ni saa 4 usiku ya jana. Ukichukua .date() yake ukatoa siku moja, umefika juzi. Inayofaa ni timezone.localdate(), inayorudisha tarehe ya hapa kwetu. Jaribio limeandikwa.

Kingine, kwa ufupi: msaidizi alihariri faili la migresheni lililokwisha kupita kwenye seva badala ya kuunda jipya. Hati ya ukaguzi haikukamata. Sasa inakamata, faili lolote la migresheni lililokwisha kuhifadhiwa likiguswa, inakataa.

Wiki ya 6, Jumatano

Tukuyu. Mvua ya manyunyu, baridi. Tulifika kituoni kabla ya saa 12.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mmeleta hilo daftari lenu?"

Aliingiza wafugaji wa kwanza bila shida, daftari la karatasi likiwa wazi pembeni. Tumekubaliana vyote viwili viende pamoja kwa mwezi mzima. Kwa mfugaji wa tisa kidole kiliteleza, lita 4 zikawa 14. Nilinyamaza nione. Akabonyeza "Rekebisha". Kwenye mfumo wetu pokezi halibadilishwi. Marekebisho ni rekodi mpya inayoelekeza kwenye ile ya kwanza, na msaidizi aliijenga hivyo tangu mwanzo kwa sababu maneno ya mama yako juu kabisa ya AGENTS.md. Skrini ikaonyesha 14 imekatwa mstari, na 4 pembeni yake.

Mama akaitazama, akaisogeza simu karibu na macho. "Ndaga fijo," akasema, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, "mmefanya kama langu." Kisha akamgeuzia mwenye maziwa ile simu, akaniuliza, "Sasa huyu anaweka saini wapi?"

Hatukuwa na mahali. Sentensi yake ya wiki ya kwanza ilikuwa na sehemu tatu, na mimi ndiye niliyeinakili, lakini tulipotunga majaribio tuliandika mawili tu: la kukata na la pembeni.

Kazi ya kesho: ujumbe wenye namba ya uthibitisho uende kwa mfugaji kila rekodi inaporekebishwa, na marekebisho yasihesabiwe kwenye malipo mpaka mpokeaji aiingize namba hiyo. Jaribio linaandikwa kwanza, nitaliandika mwenyewe. Kwa wasio na simu, mama amependekeza alama ya kidole kwenye daftari la karatasi na mpokeaji aandike namba ya ukurasa. Namsubiri katibu athibitishe.